Aliyemchora adui wa mahindi yetu miaka 220 mapema

Kuna nondo mmoja mdogo, rangi yake kijivu iliyochanganyika na kahawia, ambaye ukimkuta usiku akizunguka balbu ya nje utampita tu. Hana maringo ya kipepeo. Akitandaza mabawa yote hazidi sentimita nne. Mweke katikati ya nondo wengine kumi wa kawaida na wengi wetu tutashindwa kumtoa.

Lakini muulize mkulima wa Khwisero, kutoka Mulwanda hadi Khumusalaba, kuhusu mtoto wa nondo huyo. Atakupeleka shambani akuonyeshe majani ya mahindi yaliyotobolewa matundu matundu kama shati lililoliwa na panya, na katikati ya mmea uchafu unaofanana na unga wa mbao. Huyo ndiye kiwavijeshi kutoka Amerika, na hapo hakuna tena mambo ya kumpita tu.

Wewe wa Nairobi usiseme hii si stori yako. Lile gunia linaloshuka na basi kutoka ocha, ile karo ya mdogo wako inayolipwa mahindi yakiuzwa, na hata bei ya pakiti ya unga pale dukani, yote yanapita mdomoni mwa huyu mdudu kwanza.

Kenya ilithibitisha kwamba ameingia mwaka wa 2017, na kaunti za Magharibi, Kakamega ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kumpokea. Mwaka mmoja kabla, 2016, alikuwa ametangazwa Nigeria na nchi jirani zake. Alitukuta vibaya. Ukame ulikuwa umeshatubana, na ndio ule mwaka wa foleni za unga wa shilingi 90. Wakulima walimwaga majivu, mchanga na hata sabuni ya unga kwenye mahindi, kila mtu akijaribu lake.

Swali la kwanza la wataalamu halikuwa dawa gani itumike. Lilikuwa: huyu ni nani? Maana Kenya ilikuwa na viwavijeshi wake tangu zamani, na viwavi wengine wanaotoboa bua. Ukikosea jina, unakosea dawa, wakati wa kupulizia, kila kitu.

Jina lilikuwepo tayari. Lilichapishwa London mwaka wa 1797, miaka 220 kabla ya mdudu kutangazwa Kenya. Na nyuma ya jina hilo kuna kijana aliyeikimbia kazi ya ofisi ya babake akaenda kuchora wadudu msituni. Aliitwa John Abbot.

Mtoto wa wakili

Abbot alizaliwa London mwaka wa 1751. Babake, James Abbot, alikuwa wakili, na kwa familia kama hiyo njia ya mtoto wa kwanza ilikuwa imeshachorwa: utaingia ofisini, utajifunza kunakili hati, utakuwa wakili kama mzee. Hakuna mtu alikaa chini kumuuliza anapenda nini.

Kijana alikuwa na ugonjwa mwingine, ugonjwa wa wadudu. Tangu utotoni alikusanya vipepeo, nondo na mbawakawa, na alipenda kuchora. Lazima tumpe mzee haki yake: hakumchania makaratasi. Alimtafutia mwalimu wa kuchora, Jacob Bonneau, na kijana akaanza kupata mkono.

Mwaka wa 1769 akaingizwa rasmi katika ofisi ya babake kama karani mwanafunzi. Mchana ni hati za mashamba na madeni. Jioni na siku za mapumziko ni wadudu. Katika pilkapilka hizo akakutana na Dru Drury, mfua fedha wa London aliyekuwa na mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya wadudu Uingereza. Drury hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara aliyepagawa na wadudu, na alikuwa akiwaomba manahodha na wasafiri wamletee vielelezo kutoka kila pembe ya dunia. Abbot alipofunguliwa yale makabati, ofisi ya sheria ikawa imekwisha kwake.

Sehemu hii ilinishika, kwa sababu hata mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na najua maswali ambayo huanza kwenye sherehe za familia. Lakini sitakuuzia ile hadithi ya kwamba kuacha masomo ni tiketi ya kutajirika. Abbot hakutajirika. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa mikono uliokuwa umeshaiva, na watu waliokuwa tayari kuununua.

Meli, bahari na hasara

Mwaka wa 1773, akiwa na umri wa miaka 22, Abbot akapanda meli kwenda Virginia, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika. Mpango ulikuwa rahisi kuusema: akusanye wadudu, awachore, avitume London, alipwe. Wateja wake walikuwa watu wa aina ya Drury, waliokuwa na pesa na makabati ya kujaza.

Msoto ulianza mapema. Virginia haikumpa aina nyingi za wadudu kama alivyotarajia. Halafu katika shehena tatu alizotuma Uingereza, mbili zilipotea baharini. Hebu piga hesabu ya hilo. Siyo faili ambayo utaipakia upya. Ni miezi ya kukimbiza nondo usiku, kuwatandaza, kuwakausha, kuwachora mmoja mmoja kwa rangi za maji, halafu yote yanazama.

Kisha siasa ikaharibika. Makoloni yalikuwa yakielekea vitani na Uingereza, na Virginia ilikuwa katikati ya moto. Mwishoni mwa 1775 Abbot alifunga virago, akaungana na familia ya marafiki waliokuwa wakihama, wakasafiri kwenda kusini. Mapema mwaka wa 1776 walifika Georgia, sehemu iliyokuja kuitwa Burke County. Kama alidhani anaikimbia vita, vita vilimfuata. Mwaka wa 1778 Waingereza waliuteka mji wa Savannah, na vita havikuisha rasmi hadi 1783.

Hakurudi London. Alioa, mkewe akiitwa Penelope Warren, wakapata mtoto wa kiume, na Georgia ikawa nyumbani kwa zaidi ya miaka 60.

Alivyofuga viwavi

Hapa ndipo kazi yake inapokutana na shamba la Khwisero, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Shida ya kutambua nondo ni kwamba mdudu mmoja ana sura mbili zisizofanana hata chembe. Anayekula mahindi ni kiwavi. Anayeruka usiku na kutaga mayai ni nondo. Ukimwona kiwavi shambani mchana na nondo kwenye taa usiku, hakuna kitu kitakuambia kwamba hao ni mtu mmoja. Watu wengi wa wakati huo walikuwa na masanduku yaliyojaa nondo wazuri waliochomwa pini, lakini hawakujua walikula nini walipokuwa viwavi.

Abbot alifanya jambo la polepole. Alimchukua kiwavi akiwa hai, pamoja na majani ya mmea aliomkuta akila. Akamweka ndani, akamlisha mmea uleule kila siku, akamchora. Kiwavi alipoacha kula na kuingia ardhini, akaandika tarehe. Akachora lile ganda la kahawia ambalo kiwavi hugeukia humo ndani. Akasubiri. Nondo alipotoka, akaandika tarehe tena, akamchora akiwa ametandaza mabawa, dume na jike wakiwa tofauti.

Ndiyo maana picha zake ni kama ukurasa mmoja wenye maisha mazima: mmea, kiwavi juu ya mmea, ganda lake, nondo wake. Anayeangalia hahitaji kubahatisha. Abbot aliziba lile pengo kati ya mchana na usiku.

Alifanya hivyo kwa maelfu ya picha. Hakuchora wadudu tu. Alichora pia ndege na buibui. Picha na vielelezo vilivuka bahari hadi kwa John Francillon, sonara wa London aliyekuwa wakala wake, na huyo akaviuza kwa wenye makabati. Kwa lugha yetu, Abbot alikuwa mtengenezaji na Francillon ndiye aliyekuwa na soko.

Kitabu cha 1797

Mmoja wa waliozipata picha hizo alikuwa James Edward Smith. Huyu alikuwa mtu mkubwa katika sayansi ya Uingereza. Mwaka wa 1784 alinunua mkusanyo na maktaba ya Carl Linnaeus, yule Msweden aliyeanzisha mtindo wa kukipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, na mwaka wa 1788 akaanzisha chama cha wanasayansi kilichobeba jina la Linnaeus, ambacho kipo hadi leo.

Mwaka wa 1797 Smith alichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu vipepeo na nondo adimu wa Georgia. Kilikuwa na picha 104 zilizopakwa rangi kwa mkono, na maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Picha zilitokana na kazi ya Abbot, na maelezo kuhusu kila mdudu anakula nini na anageuka lini yalitokana na Abbot pia. Smith mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mimea, na hakuwahi kufika Georgia.

Katika juzuu ya pili kuna nondo mmoja asiye na uzuri wowote. Ukizungukwa na wenzake wenye mabawa ya kupendeza, utafungua ukurasa unaofuata haraka. Lakini maelezo yake yalikuwa ya kutisha kwa mtu yeyote mwenye shamba: kiwavi wake hula chipukizi la katikati la mahindi na la mtama, anauharibu mmea kabla haujapata nafasi ya kupanda juu. Smith akampa jina la frugiperda, neno la Kilatini linalobeba maana ya upotevu wa mazao. Leo jina lake kamili ni Spodoptera frugiperda.

Simama hapo kidogo kwenye ule mtama. Asili ya mtama ni Afrika, na ulifika Amerika enzi za biashara ya watumwa. Georgia ya Abbot ilikuwa nchi ya mashamba yaliyolimwa kwa jasho la Waafrika waliofungwa utumwani. Kwa hivyo zao letu lilikwenda kule, likakutana na mdudu wa kule. Mahindi nayo yalitoka Amerika yakaja kwetu, yakawa obusuma, yakawa githeri, tukasahau kabisa kwamba ni mgeni. Karne kadhaa baadaye, mdudu akafuata chakula chake.

Kazi ya nani, jina la nani?

Ukilisoma jina la huyu nondo kwenye vitabu vya wataalamu, utaona limefuatwa na jina la binadamu: J.E. Smith. Abbot hayumo.

Si wizi, na ni haki kulisema hilo. Kanuni ya sayansi ni kwamba anayetambuliwa ni yule aliyechapisha jina na maelezo ya kwanza. Smith alifanya hivyo, na alimtaja Abbot wazi kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu. Lakini aliyemtoa kiwavi kwenye moyo wa mahindi, akamlisha, akangoja, akaona kinachotoka, ni Abbot. Mmoja alikuwa na jicho, mwingine alikuwa na cheo na mchapishaji. Wewe unayetengeneza muziki chumbani, unayehariri video za watu, unayechora nembo za kampuni kwa bei ya kutupa, unaijua hiyo hesabu vizuri.

Ilimtokea zaidi ya mara moja. Mfaransa Charles Walckenaer alitoa majina kwa buibui wengi wa Georgia kwa kuangalia michoro ya Abbot. Kitabu kingine kikubwa kuhusu vipepeo wa Amerika Kaskazini, cha Boisduval na Le Conte, kilichoanza kuchapishwa Paris mwaka wa 1829, nacho kilitegemea picha zake. Mwanasayansi William Swainson alimwagiza picha zaidi ya mia moja, na alipohamia New Zealand akaenda nazo. Hadi leo ziko kwenye maktaba mjini Wellington. Nyingine nyingi ziko London na Marekani.

Na kuna hii: mwaka wa 1821 Swainson aliamua kumheshimu kwa kumpa nondo mmoja wa Amerika jina lake. Nondo huyo anaitwa Sphecodina abbottii. Hesabu herufi. Abbot aliandika jina lake kwa t moja. Kwenye jina la nondo ziko mbili. Hata siku waliyokumbuka kumtaja, walikosea kuliandika.

Sijui kama jambo hilo lilimuuma. Ninachojua ni kwamba hakuacha kuchora.

Mzee wa Bulloch

Miaka ilivyosonga Abbot aliishi sehemu mbalimbali za Georgia, Savannah ikiwemo, na mwishowe Bulloch County. Mkewe alitangulia. Yeye aliendelea kukamata, kufuga na kupaka rangi hadi uzeeni, akiwatumia wateja wa Amerika na Ulaya. Akiwa na zaidi ya miaka 80, mnamo 1834, aliandika maelezo mafupi kuhusu maisha yake, hasa ujana wake: mwalimu wa kuchora, ofisi ya babake, makabati ya Drury, safari ya meli.

Siku za mwisho aliishi kwenye shamba la familia ya rafiki yake, McElveen. Alifariki mwishoni mwa 1840 au mwanzoni kabisa mwa 1841, akiwa na miaka 89, akazikwa kwenye makaburi ya familia hiyo. Hakuacha mali ya kugombaniwa. Ilichukua zaidi ya karne moja ndipo kibao cha kumbukumbu kikawekwa pale, mwaka wa 1957.

Jicho la Abbot shambani Khwisero

Sasa rudi Kakamega. Mashamba ya Khwisero ni madogo, yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na wengi hupanda mahindi na maharagwe misimu miwili kwa mwaka. Hilo linamfaa sana huyu mdudu. Kwao Amerika baridi kali humuua, hivyo hubakia sehemu za joto kama kusini mwa Florida na Texas, halafu huruka kuelekea kaskazini majira ya joto yanapofika. Kwetu hakuna barafu ya kumpunguza. Kuna mahindi karibu mwaka mzima.

Jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 maishani mwake, kwa mafungu yaliyofunikwa na vitu kama manyoya. Kukiwa na joto, mzunguko mzima kutoka yai hadi nondo huchukua kama siku 30. Nondo mkubwa anaweza kusafiri takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja akibebwa na upepo. Na mahindi si chakula chake pekee. Wataalamu wameorodhesha mimea zaidi ya 300 ambayo anaweza kula.

Sasa, utamjuaje? Tumia njia ya Abbot: angalia polepole.

Mtoe kiwavi kwenye moyo wa mahindi, yale majani machanga yaliyojikunja katikati. Mwangalie usoni. Kiwavijeshi wa Amerika ana mstari mweupe unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Kisha nenda nyuma, karibu na mwisho wa mwili. Kuna madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe nne za mraba. Ukiviona vyote viwili kwa kiwavi aliyekua, ndiye huyo.

Usimchanganye na kiwavijeshi wa Kiafrika ambaye wazee wanamkumbuka. Yule huja kwa makundi makubwa, meusi yenye mistari, yanatembea shambani kama jeshi kweli na kufyeka nyasi. Huyu wa Amerika kwa kawaida utamkuta peke yake ndani ya moyo wa mmea au wakiwa wachache, kwa sababu wakibanana huanza kulana. Wala usimchanganye na mtoboa bua, ambaye huingia ndani ya bua lenyewe na hana ile Y wala ule mraba.

Tofauti hii si ya mtihani. Kiwavi mdogo bado yuko juu ya majani na anafikika. Akishakua na kujichimbia ndani ya moyo wa mmea, akaziba mlango kwa ule uchafu wake, dawa inayonyunyiziwa juu juu haimgusi. Mkulima anatumia pesa, anavuta sumu puani, na mdudu anaendelea na chakula. Anayekagua shamba mapema, akaponda mafungu ya mayai na kumwondoa kiwavi angali mdogo, anaokoa zao na mfuko.

Kuna msaada mwingine unaojulikana sana Magharibi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilibuni mbinu ya sukuma-vuta: unapanda desmodium katikati ya mahindi na nyasi maalum kuzunguka shamba. Ilibuniwa kwa ajili ya watoboa bua, lakini watafiti wa icipe wamegundua kwamba mashamba yenye mbinu hiyo yanashambuliwa kidogo zaidi hata na huyu mgeni.

Na kwa wewe wa simu mkononi: tangu 2018 kuna programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO. Unaelekeza kamera kwenye jani, nayo inakuambia kama uharibifu ule ni wa kiwavi huyu. Ili simu iweze kutambua hivyo, ililazimu binadamu wakae chini waangalie picha nyingi na waseme hii ndiyo, hii siyo. Ni ile kazi ya Abbot, imebadilisha vifaa tu.

Likizo ya Aprili ikikukuta ocha na mahindi yamefika magotini, acha simu mfukoni kwanza. Muombe kukhu akupe chupa pana yenye mdomo mkubwa. Weka udongo chini, mtie kiwavi mmoja, mlishe majani ya mahindi kila asubuhi, funika kwa kitambaa kilichofungwa vizuri asije akatoroka. Andika tarehe. Siku moja atazama kwenye udongo na utadhani amekufa. Usimtupe. Ngoja wiki moja au mbili, atatoka nondo mdogo wa kijivu, na akiwa dume utaona kidoa cheupe kwenye ncha ya bawa. Ukishamaliza kumwangalia, muue, usimwachilie. Kisha mwonyeshe kukhu. Huenda amepigana na yule kiwavi tangu 2017 bila kujua kwamba mama yake ndiye yule nondo anayegonga taa kila usiku.

Chini ya jina la mdudu huyo wataandika Smith milele. Wewe sasa unajua ni nani aliyemngoja atoke.